Ukanda wa Buluu Pajani Mwangu

Mwezi uliopita niliondoka kwenye harusi ya mjukuu wangu kabla keki haijakatwa. Ilikuwa kwenye bustani moja karibu na Kamakis: hema jeupe, viti vilivyofungwa vitambaa, moshi wa nyama choma ukiingia kutoka ng'ambo ya ukuta, na kijana wa maikrofoni ambaye hakufunga mdomo tangu asubuhi. Alimkalisha mjukuu wangu kwenye kiti katikati ya watu, akamwambia bwana harusi apige magoti, aingize kichwa chini ya gauni, atoe kitu kwa meno. Watu wakapiga mayowe ya furaha. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka. Baadaye walisema cucu, nyanya yao, alichoka na jua.

Sikuchoka. Nilikasirika, na ningali nimekasirika ninapoandika haya. Na kwa kuwa kila anayenipigia simu ananiuliza kama nilimeza dawa, nitaeleza mara moja niwe nimemaliza. Kile kitu nami nilikivaa. Nilikivaa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na waliotaka nivuliwe mbele ya watu hawakuwa maadui zangu. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Tuliishi upande wa Ruiru, katika kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu kando ya shamba kubwa la kahawa. Walikiita kijiji. Ilikuwa vibanda vilivyobanana, mtaro mrefu kuzunguka pande zote, na lango moja lililolindwa na homugadi, vijana wa kwetu waliopewa bunduki watuchunge sisi wenyewe. Baba alikuwa kizuizini. Alikamatwa akitoka kununua mafuta ya taa, na hakuna aliyetuambia kosa lake. Katika kibanda kile tulikuwa watatu: mimi, mama, na nyanya yangu aliyemzaa mama, ambaye alikuwa mkali, hakubatizwa, na alikuwa akivuta ugoro na kupiga chafya makusudi mama akianza kusali.

Mama alikuwa dobi katika nyumba ya meneja wa shamba. Alifua na kupiga pasi ya makaa kutwa nzima, na vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa joto hata angeweza kushika kijiti cha moto bila kukunja uso. Alikuwa ameokoka, na waliookoka wa siku zile hawakuwa na mchezo. Kila Jumapili, baada ya mahubiri, walisimama mmoja mmoja na kuungama dhambi za wiki mbele ya wote. Mama hakukosa hata Jumapili moja. Aliwahi kuungama kwamba aliosha kola ya gauni langu kwa sabuni ya memsaab, mke wa meneja. Aliwahi kuungama kwamba alimwambia jirani hana chumvi na kumbe alikuwa nayo kidogo chini ya kikombe. Uongo ulimchoma kuliko dhambi nyingine zote, na mimi nilikaa kwenye benchi nikitamani sakafu inimeze. Homugadi mmoja alikuwa akimtania langoni: "Mama, wiki hii umefanya nini? Tuambie sasa, tusingoje Jumapili."

Mchumba wangu alikuwa seremala kutoka Kalimoni. Alikuja shambani kutengeneza meza za kuanikia kahawa, akanikuta nachuma, na mengine mnayajua. Watu wake walikuja wakaongea na mama na wajomba, kwa sababu baba hakuwapo, na yote yakaenda vizuri. Lakini harusi yenyewe ni mkusanyiko, na mkusanyiko siku zile ulihitaji ruhusa. Ruhusa ilikuwa mikononi mwa meneja, na sikio la meneja lilikuwa mikononi mwa karani.

Huyo karani alikuwa mtu wetu, aliyesoma. Alivaa kaptura ya kaki yenye mikunjo ya pasi na soksi ndefu mpaka chini ya goti, zilizoshikiliwa na mikanda ya lastiki. Alikuwa amewahi kupelekwa Thika kusaidia kugawa vinywaji kwenye harusi ya Wazungu, na tangu siku hiyo alijiona ndiye bingwa wa harusi za kisasa kuanzia mto Ruiru hadi mto Chania. Alituambia ruhusa imepatikana. Tutapewa ghala la kahawa kwa karamu. Meneja na mke wake watakuja wenyewe, wakae kidogo. Na yeye, karani, ndiye atakayeongoza shughuli.

Mama alifurahi hadi akalia. Jioni ile alirudi na kitu kilichofungwa ndani ya leso iliyopigwa pasi. Memsaab alikuwa amempa gauni jeupe la kuazima, shela, na hicho kitu. Alikifungua juu ya Biblia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mahali safi kuliko pote mle ndani. Kilikuwa kiduara cha riboni ya buluu iliyokunjwakunjwa, na kipande cha lesi kimeshonewa ukingoni.

"Memsaab anaiita gata," mama alisema. "Bibi harusi anavaa hapa." Akagusa paja lake juu ya sketi, haraka, kisha akautoa mkono.

"Ya nini?" niliuliza.

"Ya harusi ya Kikristo."

Ndilo kosa lenyewe hilo, na lilikuwa kosa letu sisi wasomaji wa misheni, halikuwa la mtu mwingine. Pete ilikuja na Wazungu, shela ikaja na Wazungu, Biblia ikaja na Wazungu, na mama alidhani vyote vilitoka katika sanduku moja na vyote Mungu alivitia mkono. Hakuuliza kipi ni cha kanisa na kipi ni cha mchezo. Alimwuliza mzee wa kanisa kama kuna ubaya, na mzee akafikiri, akasema haijaandikwa katika Agano la Kale wala Jipya, lakini kama memsaab aliivaa na akaingia nayo kanisani, basi haiwezi kuwa dhambi. Niliposikia jibu hilo nilitamani kumtupia kiatu.

Nyanya aliomba aione. Aliivuta kwa vidole viwili, ikanyooka, akaiachia, ikarudi kidogo tu kwa sababu ile lastiki ilikuwa imechoka.

"Fundo lake liko wapi?"

"Haina fundo, maitu," mama alimjibu mama yake. "Inavutika tu."

"Haina fundo!" Nyanya alicheka mpaka akaanza kukohoa. "Wee! Kitu kinafunguka chenyewe, kiko na kazi gani kwa paja ya msichana?"

Mama akamwambia anyamaze. Nyanya hakunyamaza. Alichukua uzi wa katani, akaufunga juu ya goti lake lililokauka, akanionyesha. Zamani, alisema, msichana wa kwetu alivaa vazi la ndani la ngozi laini lililoitwa mwengu. Vijana na wasichana walikuwa wakikaa usiku katika nyumba moja, waongee, walale ubavu kwa ubavu, na halikuwa jambo la siri. Lakini msichana aliupitisha mwengu wake katikati ya miguu, akaufunga nyuma, na fundo lile halikuguswa na mkono wa mwanamume. Kijana aliyeligusa, msichana alimtaja asubuhi. Wenzake wa rika walimtenga. Hawakula naye, na wasichana wa kando zote za mto walijua jina lake. Fundo lilikuwa na namna yake ya kufungwa, mara mbili kwenda ndani na ncha zimefichwa, na aliyelijua alilitambua gizani kwa kidole.

"Mama yako alilijua," nyanya aliniambia, akimwangalia mama. "Halafu akaenda misheni, wakachoma mwengu yake kama takataka."

"Nilichoma mwenyewe," mama alisema. "Ilikuwa ushenzi." Kisha akaiweka gata ndani ya leso, na uso wake ulikuwa umefunga kabisa.

Jumamosi tulipata ruhusa ya kwenda Thika. Tulipita mashamba ya mkonge kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma nikinuna, tukaingia katika duka la Mhindi aliyeuza vitambaa. Mama alinunua lastiki mpya. Mwenye duka aliuliza ni ya nini, mama akamwambia waziwazi, kama mtu anayeulizwa njia ya kanisani. Mhindi aliinamisha macho kwenye mkasi wake. Mimi niliona namna alivyoyainamisha. Nikajiuliza ni kitu gani anachokijua huyu ambacho sisi hatukijui.

Karani alinijibu bila kuulizwa. Alikuja kibandani kutupangia shughuli, akaeleza: maombi, chakula, hotuba ya meneja, halafu kiti katikati ya ghala. Bibi harusi atakaa. Bwana harusi atapiga magoti, ataingiza mkono chini ya gauni, atatoa gata, atairusha kwa vijana ambao hawajaoa, na watakaoigombania watachekesha watu.

"Mbele ya nani?" nilisema.

"Ya wote."

"Mbele ya baba mkwe wangu?"

"Yeye si atakuwa kwa harusi?" Alinishangaa kwa kweli. "Hiyo ndiyo modeni. Bwana meneja mwenyewe ameulizia, nimemwambia ataiona. Usiniletee aibu."

Kwa wanaosoma haya na hawajui: kwetu, mkwe na mke wa mwanawe walikaa mbali mbali. Sikuweza kukaa naye benchi moja. Nikimwona njiani nilikuwa napisha, naye alikuwa anapisha. Heshima ile ndiyo iliyomfanya baadaye anipende kama binti yake. Na sasa niketi kwenye kiti mbele ya mzee yule, nifunuliwe mguu hadi paja, homugadi na vibarua wa ghalani wapigane kwa sababu ya nguo yangu ya ndani, na tuiite modeni. Nilimwambia karani atoke. Alitoka akicheka.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwenye mlango wa jikoni wa nyumba ya meneja. Memsaab alikuwa akichambua maharagwe na mpishi wake. Nikamwuliza, bila salamu ndefu, hii gata ilianzia wapi na kazi yake ni nini. Alimtuma mpishi nje. Aliongea Kiswahili chake cha shambani, na nakiandika kama alivyokisema.

"Kwanza iko ya kushika soksi, basi. Lakini zamani sana, kwetu Ulaya, watu nafikiri nguo ya bibi ya harusi iko na bahati. Ikwisha kanisa, watu nakuja mbio, nakamata bibi, nararua nguo yake. Kila mutu nataka kipande. Bibi nalia. Basi bwana yake nasema, ngoja, mimi natupa kitu moja, nyinyi napigania hiyo, nawacha bibi yangu."

"Na kabla ya hapo?"

Shingo yake ikawa nyekundu. "Mbele ya hiyo, watu nafuata bwana na bibi mpaka chumba ya kulala. Nachukua ile kitu, naonyesha wengine, kama shahidi. Sasa iko bibi yake kabisa. Na buluu iko rangi ya bibi ile hapana danganya bwana yake." Akachukua maharagwe mengine. "Lakini hiyo iko zamani. Sasa iko mchezo tu."

"Wewe ulivaa hii?"

"Nilivaa. Mama yangu navaa mbele yangu."

"Na bwana akaitoa mbele ya watu?"

"Yeye nakunywa mingi siku ile. Natoa, ndiyo. Mimi hapana penda." Kisha akaniambia niende, ana kazi.

Nilirudi njia nzima nikiongea peke yangu. Walimrarua! Wageni wake mwenyewe, waliokula chakula chake, walimrukia wakamrarua, na mumewe akaona njia ya kumwokoa ni kuwatupia kipande cha paja lake. Watu hao ndio waliotuambia mwengu ni ushenzi. Watu hao ndio waliosimama na kiberiti mama yangu akichoma ngozi ambayo kazi yake yote ilikuwa kusema hapa mkono haufiki. Na badala yake wametuletea kiduara cha lastiki ambacho kazi yake yote ni kuvuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kukasirika vile. Nilikasirikia Ulaya nzima, na sikuwa nimeiona.

Nilimweleza mama kila neno. Alisema namsingizia memsaab. Nikamwambia twende wote akamwulize. Hapo akakaa kitandani, akavua kitambaa cha kichwa, jambo asilolifanya mchana.

"Karani amesema bwana akifurahi, atasema neno kwa ajili ya baba yako," alisema. "Neno moja tu, aletwe. Mwanangu, ni mguu tu. Utafunikwa tena."

Nani anayeweza kushindana na baba aliye kizuizini? Waliujua udhaifu wetu wakaushika hapohapo. Nyanya, aliyekuwa akisikia kutoka kwenye kona yake, hakucheka safari hii. Alisema tu kwamba yeye hatakuja kwenye harusi yenye bunduki mlangoni, akageukia ukuta.

Nikabakiwa na mchumba wangu. Alikuja Jumapili, tukasimama karibu na lango ambapo homugadi waliweza kutuona. Nilimwambia akatae. Alisugua vidole vyake, ambavyo daima vilikuwa na gundi, akasema karani amemweleza ni mchezo, ni kama kushikana mikono, inakwisha mara moja.

"Baba yako atakuwa hapo," nilisema.

"Ataangalia kando."

"Kwa hiyo unajua kuna kitu cha kuangalia kando."

Nilimwacha pale pale, nikaenda zangu, na wale homugadi wakamzomea kwamba ameshaanza kupigwa na mke. Usiku kucha nilifikiria kumwacha kabisa. Lakini nilimpenda, na upendo nao una upumbavu wake.

Asubuhi ya harusi mama alinivalisha mwenyewe. Alipiga magoti, akaipandisha gata mpaka juu ya goti langu, kisha akaipandisha zaidi. Ile lastiki mpya ilikuwa kali, ikaniacha alama. "Umependeza," alisema, akatoka kuwapokea watu wa kwaya. Nilibaki peke yangu nyuma ya pazia. Nilipandisha gauni la watu, nikafumua mshono kwa meno, nikachomoa ile lastiki yote, nikaitupa chini ya kitanda. Kisha nikaifunga ile riboni ya buluu moja kwa moja pajani, mara mbili kwenda ndani, ncha zimefichwa, kama nyanya alivyonionyesha juu ya goti lake.

Sikuwa na mpango. Sikujua kama mchumba wangu angelitambua fundo lile. Alisoma misheni kama mimi. Ingawa alipotahiriwa pamoja na wenzake, wazee waliwafundisha mambo yao, sikujua kama hilo lilikuwa mojawapo. Nilitaka tu kwamba kama lazima avue, basi afungue. Asivute kitu kinachokuja chenyewe. Ajue anachokifanya.

Kanisani sikusikia lolote. Ghalani kulinukia magunia na kahawa, na juu ya harufu hiyo mukimo na nyama ya kuchemsha. Viti viwili vya ofisi vilikuwa vimewekwa mbele kwa meneja na memsaab. Baba mkwe wangu alikaa mbali upande wa wanaume, kofia magotini. Homugadi walisimama mlangoni na bunduki zao, wakila. Meneja alisema maneno machache, watu wakapiga makofi kabla hayajatafsiriwa. Halafu karani akaleta kiti.

Nilikaa. Wanawake wa kwaya, ambao hawakuwa wameambiwa, walifikiri napumzishwa. Karani akatangaza kwa sauti kubwa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, kile kitakachofanyika, na nikasikia ghala zima likivuta pumzi. Kisha vijana wakacheka, wakasogea mbele. Baba mkwe aliinuka, akageuza kiti chake kikaangalia ukuta, akakaa tena. Sitasahau mgongo ule wa mzee katika koti la kuazima.

Mume wangu alipiga magoti. Hakunitazama. Mkono wake ulipita chini ya gauni, kwenye ugoko, kwenye goti, na vijana wakawa wanahesabu kwa sauti. Ukafika kwenye riboni. Nikahisi vidole vikitafuta mahali pa kuvuta, vikakosa, vikazunguka nyuma, vikalikuta fundo.

Vikasimama.

Ndipo aliponitazama. Nilimwinamia nikamwambia polepole, "Fungua basi. Bwana wako anangoja." Nilisema kwa chuki, sikatai. Vijana waliendelea kuhesabu. Yeye akautoa mkono mtupu, akasimama, akaupangusa kwenye suruali.

"Hakuna kitu," alisema.

Kicheko kilikatika. Karani alimwuliza anasema nini. "Hakuna kitu hapo," alirudia kwa sauti. Meneja akamwinamia mkewe, memsaab akasema jambo fupi, meneja akakunja uso kwa karani. Na karani akatugeukia sisi sote.

"Bibi harusi amekuja bila gata ya memsaab? Mmeiuza?"

Mama alikuwa upande wa akina mama, karibu na sufuria. Aliruka kama aliyechomwa. Mwanamke yule asingeweza kuvumilia kuitwa mwizi, wala uongo usemwe mbele yake, hata na mkwe wake wa saa mbili.

"Iko!" alipaza sauti. "Nimemvalisha mimi mwenyewe, na hii mikono!"

"Njoo basi mama, utuhakikishie," karani alisema, na tayari alikuwa anatabasamu tena. Alimjua mama. Kijiji kizima kilimjua. Neno la mama lilikuwa halina rufaa.

Alikuja akinitazama kwa hasira sawa na yangu. Nilijua yamekwisha. Alipiga magoti miguuni pangu kama alivyopiga asubuhi, mkono wake ukaingia chini ya gauni, ule mkono wa pasi, mkavu na mgumu. Uliifikia riboni upesi na ukaifuata kwenda nyuma. Ukalikuta fundo.

Nilikuwa naona tu kitambaa chake cha kichwa. Kidole chake kimoja kilipita juu ya fundo, kikaingia ndani yake, kikazitafuta ncha mahali zilipofichwa, na kikazipata. Hakikupapasa. Kilikuwa kinajua njia. Alikaa hivyo muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Kisha akautoa mkono, akalishusha gauni langu mpaka lilipofunika viatu, akalinyoosha kwa viganja kama nguo iliyo mezani. Akasimama.

"Ni kweli," mama yangu alisema. "Hakuna kitu." Akamgeukia memsaab. "Mimi nasahau, memsaab. Imebaki nyumbani."

Memsaab alimtazama mama, akanitazama mimi. Akafungua mkoba wake, akaufunga, akamwambia mumewe kwamba kuna joto sana humu ndani. Wakaondoka. Baba mkwe alisikia gari likiwaka, akageuza kiti chake kikatazama watu, akaomba chai. Karani alimfuata mama mpaka kwenye sufuria, akamwambia kwa meno yaliyofungwa kwamba amemwaibisha, na kwamba mume wake ataozea huko aliko.

Baba alirudi. Alirudi na wenzake kwa lori, wakati walipoachiliwa wengi, hakuwahi wala hakuchelewa. Siku moja nilimtajia neno ambalo meneja angelisema kwa ajili yake. Akaniuliza meneja yupi, maana huko alikokuwa hakuna aliyewahi kusikia habari zake. Karani alikuwa ametuuzia kitu ambacho hakikuwepo, na bei yake ilikuwa mimi. Fundo nililifungua mwenyewe, Kalimoni, nyumbani kwangu, nilipotaka. Mume wangu alingoja.

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu ya Jumapili iliyofuata harusi ile, tuliporudi kusali na mama, mume wangu na mimi. Mahubiri yalikwisha. Waliookoka wakaanza kusimama. Nilijua atakachosema, na nilijua karani ameketi benchi la nyuma akilisubiri. Mama alikuwa amedanganya mbele ya kanisa zima, mbele ya mzee wa kanisa, na hata mbele ya Wazungu. Nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia tena.

Zamu yake ilipofika alisimama, akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Nasimama mbele yenu nikiwa mwenye dhambi," alisema. "Wiki hii nilimpigia kelele jirani kwa foleni ya maji. Nimemwomba Mungu anisamehe."

Nilingoja. Watu walingoja. Mama aliangalia kulia na kushoto kuona kama kuna mwingine anayetaka kusimama, kisha akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo.